Mwosha Maiti na Mtaro wa Bondeni

Wenye maduka mtaani kwetu walimwekea chenji juu ya kaunta, hawakumpa mkononi. Hata yule mama wa chapati, ambaye kwa kawaida hakuwa na woga wala adabu kwa mtu, aliifunga chapati yake kwenye gazeti, akaisukuma mpaka ukingoni mwa meza, kisha akarudi nyuma kama mtu anayemlisha mbwa wa jirani. Na yeye aliona. Aliona kila siku na kila siku akacheka. "Usiogope, binti yangu," alimwambia. "Sijaja kukupima urefu. Nina njaa tu."

Alikuwa mwosha maiti. Mwanamke wa Kiislamu akifariki upande wetu wa Nateete, kuanzia msikiti ulio juu mlimani mpaka huku barabarani, yeye ndiye aliyeitwa. Alifika na mkoba wake wa ukili, ndani mna vitambaa, karafuumaiti na majani ya mkunazi yaliyokaushwa, akafunga mlango, na alipoufungua marehemu alikuwa ameshatakasika na kuvikwa sanda, tayari kusaliwa. Watu walimshukuru huku wakilia. Kesho yake wakampisha njia asije akawagusa.

Sisi tulimwita Bibi. Watoto walikuwa na majina yao mengine, ambayo siyataji. Wazee wake walikuja Uganda zamani na biashara za pwani, lakini ukimwuliza habari za ukoo alikujibu kwamba maiti haulizwi ukoo, huulizwa maji yako wapi. Basi na mimi siuandiki.

Mimi ni Mkongo, wa Uvira. Nilifika Kampala na watoto na sufuria moja, nikapanga chumba Bondeni, na huo Bondeni ndio mahali ambapo mtaro wa mlima mzima unaishia. Unateremka kutoka msikitini, unapita nyuma ya gereji, unapita chini ya soko, unafika kwetu, kisha unaingia kwenye bomba kubwa la zege lililo chini ya barabara na kutokea kwenye mafunjo ng'ambo ya pili. Bomba lile tuliliita mdomo. Mdomo ukiwa wazi, Bondeni tunalala. Mdomo ukizibwa, maji yanakosa pa kwenda na yanaingia ndani mwetu, yanapanda kitandani. Maisha yetu yote pale yalitegemea jambo hilo tu, na kinachoziba mdomo ni kavera. Ndivyo tunavyouita mfuko wa plastiki hapa Kampala. Kavera za mkate, za sukari, za mkaa, za chipsi, na zile nyeusi zilizofungwa fundo ambazo huhitaji kuzifungua kujua ndani mna nini, kwa sababu vyoo kule juu ni vichache na watu ni wengi.

Sitadanganya kwamba nilimpenda tangu mwanzo. Nilimwogopa kama wengine, na nilipoacha kumwogopa nilimchukia, miaka kadhaa, kwa moyo wangu wote. Leo sijui niite nini hiki nilichonacho.

Aliingia katika habari za mtaro kwa aibu. Siku moja aliosha maiti katika nyumba iliyo jirani na msikiti, uani, nyuma ya mapazia, kama desturi. Maji yale ya josho hutakiwa yaende zake, yasikanyagwe. Lakini mtaro ulikuwa umejaa kavera, maji yakarudi, yakasimama pale mlangoni, na watoto wa nyumba, ambao hawakuelewa, wakawa wanayarukaruka. Bibi alitoka akawaona. Aliniambia kwamba katika kazi yake yote hajawahi kumwonea haya maiti kama alivyomwonea haya yule mama siku ile. "Nimemsafisha, kisha nikammwaga wajukuu zake wamchezee," alisema.

Ndipo akashuka Bondeni. Kwaya yetu ilikuwa kwenye mazoezi, katika kanisa letu la mabati, tukaona bibi wa Kiislamu amesimama mlangoni na baibui lake jeusi. Hakuingia. Alingoja wimbo umalizike, tena akatikisa kichwa kidogo kuonyesha kwamba umependeza, halafu akasema, "Nyinyi ndio mnaokunywa uchafu wetu. Nimekuja tusaidiane."

Aliyemjibu ni Mama Ombeni, kiongozi wa kwaya. Mama Ombeni aliuza ndagala, dagaa wetu wa Tanganyika, na akiimba waliokuwa barabarani walisimama. Alimtazama Bibi kutoka juu hadi chini, akamwendea, akamshika mkono. Akaushika kabisa, kwa mikono yake miwili yenye harufu ya ndagala, wala hakuuachia upesi. Nilimwona Bibi akishtuka. Nadhani ni miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu hai amshike namna ile.

Basi kina mama wa msikitini na kina mama wa kanisa tukawa kundi moja, na jambo la kwanza lililotushinda ni siku ya kazi. Ijumaa ni ya kwao. Jumamosi, nusu ya kwaya yetu ni Wasabato. Jumapili ni ya kwetu sisi tuliobaki. Jumatatu soko linapakua mizigo. Tulibishana mpaka Bibi akachoka, akasema Mungu amegawiwa siku za kutosha, mtaro upewe Alhamisi. Ikawa Alhamisi. Waganda wana desturi yao ya kazi ya pamoja, bulungi bwansi, ya kutengeneza barabara na visima vya kijiji, na mwenyekiti wa mtaa alikuja siku ya kwanza akatuhutubia kuhusu desturi hiyo kwa urefu. Kisha akaenda zake. Hatukumwona tena kwenye matope.

Kazini alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na ladha. Fundi wa gereji alipojitetea, "Nyabo, hii kavera si yetu, maji ndo imereta," Bibi aliinama, akaokota kavera yenye grisi, akamnusisha. "Maji haya yanatengeneza magari siku hizi?" Mwanamke aliyemwona dirishani akitupa kitu, alimwita kwa jina la baba yake mbele ya wapangaji wote. Alisema adabu ya mtu haiko mdomoni, iko kwenye anachotupa akidhani haonwi.

Na kavera alikuwa anaisikia kwenye chakula. Hapa matoke hupikwa kwa mvuke, hufunikwa kwa majani ya migomba, lakini siku hizi majani hununuliwa, kwa hiyo watu hufunika sufuria kwa kavera, matoke yanaiva ndani ya plastiki kama nguo zilizohifadhiwa. Katika arusi moja ya watu wakubwa, Bibi alipewa sahani, akainusa, akairudisha. Mama wa bibi harusi aliuliza kuna nini. "Hakuna kitu," alisema. "Mimi hii nitakutana nayo mtaroni Alhamisi, sina haja ya kuitia tumboni leo." Hakualikwa kwenye arusi tena upande ule, nayo haikumkera. Kwenye misiba wangemwita tu, alisema, hapo hawana ujanja.

Lakini mtu huyuhuyu alikuwa na rundo la kavera kabatini kwake. Nilizikuta mwenyewe siku niliyompelekea unga wa muhogo: zimeoshwa, zimekaushwa, zimekunjwa vizuri kama leso. Ndizo alizovaa mikononi akiosha maiti, akizifunga kwa uzi kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu mipira ya hospitali haikupatikana kila mara. Nilicheka. Nilimwambia, "Bibi, nawe una yako?" Hakucheka. Alisema kavera haina dhambi, dhambi ni ya mkono unaoiachia. Niliona ni jibu la kujitetea tu, na hata leo naona hivyo.

Kwa walio hai alikuwa pilipili. Kwa wafu alikuwa mtu mwingine. Jirani yangu mmoja aliwahi kumsaidia kuteka maji wakati wa josho, akatuhadithia kwamba Bibi huzungumza na maiti muda wote, kwa sauti ya chini, kama anavyozungumza mtu na mgonjwa aliyelala. Anamwambia sasa namwaga maji. Sasa nauinua mkono. Na kila mara kabla ya kumgeuza, lazima, humwomba radhi. "Nisamehe, mama, nakugeuza." Nilimwuliza siku moja kwa nini anaomba radhi kwa mtu asiyesikia. Alishangaa swali lenyewe. "Namshika mtu bila ruhusa yake," alisema. "Nisimwombe radhi?"

Jambo lingine alilolishika ni kunyamaza. Ungempa nini hakusema aliyoyaona mwilini mwa mtu: makovu, vipigo, ugonjwa, mimba ambayo mume hakuijua. Mashangazi walimzunguka baada ya mazishi kama inzi na wakaondoka mikono mitupu. "Mwosha hasemi," aliwaambia. Ukimsukuma zaidi alikuongezea ile ya wahenga, mwosha huoshwa, na ukikumbuka kwamba nawe una yako ya kusitiriwa, ulinyamaza.

Mtaro aliutendea hivyohivyo, na hapa ndipo shida ilipoingia.

Aliupa viungo. Pale msikitini paliitwa kichwani, nyuma ya gereji kifuani, chini ya soko tumboni, na kwetu Bondeni miguuni. Tulizoea. Mtu alikuuliza, "Leo mko wapi?" unajibu, "Leo tuko tumboni," na wote mnacheka. Sisi wa Bondeni tulijiita miguu na tukasema ndiyo sababu tunakanyaga mavi. Na kwa kuwa mtaro ulikuwa mwili, Bibi aliuosha kama mwili: tulianzia kichwani tukashuka. Alhamisi kadhaa kichwani, Alhamisi kadhaa kifuani, hivyo hivyo, mpaka siku moja tufike kwetu. Taka tulizotoa tuliziweka kingoni, zikingoja lori. Lori lilikuja lilipotaka.

Mama Ombeni alilipinga jambo hili tangu mwanzo. Nakumbuka maneno yake kwa sababu aliyasema polepole, akijaribu kumtunzia Bibi heshima yake.

"Bibi, miye naona tuanzie kule chini. Tufungue kwanza mdomo, maji ipate njia. Tukianza juu, mvua ikinyesha, ile uchafu yote tumeamusha itakuya kutuzika siye."

"Mwanangu," Bibi alimjibu, "nimeosha watu tangu mama yako hajavunja ungo. Hakuna anayeoshwa kuanzia miguuni."

"Hii si mutu, Bibi. Ni mutaro."

"Kitu kikioshwa, huoshwa kwa mpango wake."

Kina mama wa msikitini waliguna kuonyesha kwamba wanakubaliana naye. Sisi wa kanisa tulitazama chini. Mama Ombeni alikuwa na haki na kila aliyeishi Bondeni alijua, lakini Bibi alikuwa mkubwa wetu, ndiye aliyetukusanya, na pale mlimani sisi ni wageni. Tuliona bora kunyamaza kuliko kuvunja kundi. Mama Ombeni alicheka kidogo, akamshika Bibi begani. "Basi, Bibi. Utatufikia." Wakaendelea kuokota, wawili wao, bega kwa bega.

Kiangazi kilitudanganya. Juu kulipendeza. Pale msikitini ungeweza kuona sakafu ya mtaro, maji yanapita kama kijito, watu wakaja kupiga picha. Mwenyekiti naye alirudi kupigwa picha. Huku kwetu mdomo ulizidi kuwa mwembamba, lakini hapakuwa na mvua, na kwa hiyo tuliona aibu kulalamika.

Ile Alhamisi ya mwisho tulikuwa tumboni. Ilikuwa kazi ya kutapisha. Chini ya soko taka zilikuwa zimeshikana tabaka juu ya tabaka, tukazing'oa kwa reki na majembe, tukazilundika kingoni pande zote mbili mpaka malundo yakatupita kimo. Bibi alisimama juu ya daraja la mbao akafurahi. Nilimwona. Alisema, "Wiki ijayo, miguuni," akamwinulia mkono Mama Ombeni, naye Mama Ombeni akamwinulia wake. Lori halikuja.

Mvua ilianza Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini. Ilikuwa mvua nzito ya Kampala, ile ambayo mlima wenyewe unaonekana kuyeyuka. Mtaro kule juu tulikuwa tumeusafisha, kwa hiyo maji hayakupata cha kuyapunguza mwendo. Yalishuka kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, yakapita tumboni, yakabeba malundo yote tuliyoyalundika kwa mikono yetu, yakayaleta kwetu. Nilikuwa mlangoni. Niliona taka zikija kama ukuta. Ziliingia mdomoni zikakwama, na maji yakaanza kupanda.

Mama Ombeni alitoka na nondo yake ndefu iliyopindwa ncha. Tulimwita arudi. Baba Ombeni hakuwepo, alikuwa kazini Ntinda. Alijifunga kitenge kiunoni, akashuka mpaka karibu na bomba, akaanza kuchomoa. Alichomoa bonge moja, kisha jingine. Kila alipochomoa tulisikia bomba likinguruma. Watoto walikuwa juu ya paa la jirani, na yeye aliwapigia kelele wasishuke, kwa sauti ileile ya kwaya, ikapita juu ya mvua. Kisha kitu kikubwa kikaachia mle ndani, mdomo ukafunguka, na maji yote yaliyokuwa yamesimama yakaingia mle kwa mara moja. Yalikwenda naye.

Maji yalipungua Bondeni. Nyumba zetu zilipona, kwa kweli, na hilo ndilo siwezi kulimeza. Vitanda vililowa tu.

Vijana wa boda walimpata Jumapili, kwenye mafunjo ng'ambo.

Sasa, kwetu kanisani kina mama ndio wanaowaosha wenzao. Lakini walipofunua turubai wakamwona, walitoka nje mmoja mmoja. Walikuwa wanawake waliokimbia vita, wameona mengi, na bado walitoka. Baba Ombeni alikaa kwenye kiti cha plastiki, suruali imejaa matope, akasema, "Muite Bibi. Yeye hakataagi mutu."

Ilikuwa kweli. Alikuwa hajawahi kukataa. Aliosha waliokufa kwa magonjwa yaliyowafanya wauguzi wakimbie, aliosha waliookotwa barabarani bila ndugu. Nilikwenda mwenyewe kumwita. Nilipanda mlima mbio, nikamkuta ameketi kwenye mkeka, hakuvaa ushungi, nywele zake nyeupe zimefumuka. Nikamwambia, "Bibi, Baba Ombeni anakuomba ukamwoshe mwenzetu."

Hakuniangalia. "Huyu siwezi," alisema.

Nilidhani sikusikia. Nikarudia. Naye akarudia, maneno yaleyale, kwa sauti isiyo na kitu ndani. Kisha akainuka, akafungua kabati, akanipa lile rundo la kavera zilizokunjwa na uzi na kipande cha karafuumaiti kwenye kitambaa. "Mtaosha wenyewe," alisema. "Mkianza, msiache njiani."

Nilishuka mlima nikilia kwa hasira. Nilipofika, neno lilikuwa limeshanitangulia, maana mtaa hauna siri. Watu walikuwa wameshaamua. Amekataa kwa kuwa ni Mkristo. Wakati wa kuokota taka tulikuwa dada, wakati wa kufa tumekuwa makafiri. Nami niliamini, nikasema hivyo kwa mdomo wangu kwa kila aliyeniuliza. Na wa msikitini nao wakasikia tunavyosema, wakachukia, wakajibu kwamba Bondeni hawakuwahi kusafisha miguu yao. Maneno kama hayo hayarudi. Alhamisi iliyofuata hakuna aliyekwenda.

Nilimwosha mimi. Nilifunga kavera mikononi kwa uzi, nikabaki na mama mmoja mzee wa kunitekea maji, tukafunga mlango.

Baada ya hapo maofisa walikuja, wakapiga X nyekundu kwenye nyumba zilizo karibu na mtaro, wakasema ndizo zinazozuia maji. Yangu na ya Baba Ombeni zilikuwamo. Tukatawanyika. Baba Ombeni alikwenda kambini na watoto. Mimi nilipata chumba Makindye, nikaanza upya kuuza vitenge, na miaka ikapita. Nilijitahidi kutopita ile barabara, na ikinilazimu nilitazama upande mwingine.

Mwaka huu, mvua za kwanza zikiwa zimekaribia, nilikuwa na mzigo wa kuchukua Nateete. Msongamano ukatusimamisha juu ya lile bomba, hasa pale. Nikashuka nitembee. Nikachungulia, sijui kwa nini. Chini, miguuni, mbele ya mdomo, mtu mmoja alikuwa ndani ya mtaro amevaa buti za mpira na baibui lililofungwa kiunoni. Alikuwa akiokota kavera moja moja na kuzitia kwenye gunia lililokuwa juu ya ukingo, mbali na maji, limefungwa kwa kamba kwenye mlingoti. Mikono yake ilikuwa mitupu, haikufungwa kavera.

Niliteremka kando ya barabara mpaka ukingoni. Alikuwa amezeeka kupita nilivyotarajia, jicho moja limeingia ukungu. Nilipomwita aliinua uso.

"Mama Shukuru," alisema. Alinijua kwa sauti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umenenepa au jicho langu?"

"Jicho, Bibi."

Alicheka kidogo, akaendelea na kazi. Nilimwuliza wenzake wako wapi. Alisema kila mtu ana shughuli zake. Nilimwuliza tangu lini anafanya kazi hii. Alisema tangu siku ile. Nikamwuliza mbona ameanzia huku.

"Siku hizi naanzia miguuni," alisema.

Aliokota chupa, akaikamua maji. Sikuwa nimepanga kumwuliza, lakini swali la miaka yote likatoka lenyewe.

"Kwa nini ulimkataa, Bibi? Alikuwa wa kwanza kukushika mkono."

Alisimama wima. Ilimchukua muda, mkono mmoja kwenye ukuta wa mtaro.

"Wewe unajua ninavyoosha," alisema. "Kila mtu namwomba radhi kabla ya kumgeuza. Sijawahi kumgeuza mtu bila kumwomba radhi. Yule ningemwomba radhi vipi, Mama Shukuru? Alinambia tuanzie chini. Alinambia kwa adabu, mbele yenu. Ningeanza na neno gani? Nikishindwa kusema, nimgeuze kimya kimya kama gunia? Nikaona heri mnitukane."

"Tulikutukana."

"Nilisikia. Ilikuwa haki, ila sababu siyo mliyoisema."

Magari yalipiga honi juu yetu. Hakuwa anangoja nimpe nafuu, alikuwa anangoja kitu kingine, nikakiona usoni mwake kabla hajakisema.

"Wewe ndiye uliyemwosha," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Alikuwaje?"

Nataka ieleweke kwamba nilikuwa na jibu. Nililibeba toka siku ile nilipofunga mlango. Nilikuwa nimelirudia rohoni mara nyingi, kila nilipomchukia: jinsi nitakavyomkuta siku moja nimweleze yote, mikono ilikuwaje, mdomo ulikuwaje, nini kilikuwa kimejizungusha wapi, ili naye asilale. Sasa alikuwa ananiomba. Jicho lake zima lilinikazia, na nikaelewa kwamba angepokea kila neno bila kuinamisha kichwa, angelibeba mpaka kaburini, na kwamba hicho ndicho alichokuwa anakitaka.

"Mwosha hasemi, Bibi," nilimwambia.

Sijui kama nilimhurumia au nilimwadhibu, na nimejiuliza tangu siku hiyo. Nawe unayesoma usiniulize nilichokiona. Sitakwambia.

"Kale," alisema mwishoni. Kwa Kiganda, haya basi.

Akaninyooshea mkono. Nilidhani anataka nimvute atoke, nikajiandaa. Lakini hakutaka kutoka, alikuwa ananipa mkono nishuke, kwa sababu ukingo pale unateleza. Nikavua viatu, nikafunga kitenge juu ya magoti, nikamshika. Kiganja chake kilikuwa baridi na kigumu. Kule juu, kichwani au kifuani, mtu alikuwa ameshatupa kavera nyingine. Ilikuja ikielea, nyeusi, imefungwa fundo, na Bibi akaisubiri.